Rinda Bila Karatasi: Wanawake wa Paris Walivyowapiku Mafundi Wanaume kwa Pini na Marinda

Wasee, hebu tuanze na neno lenyewe. Kenya tukisema rinda tunamaanisha gauni. Lakini fungua kamusi: rinda ni kile kikunjo cha kitambaa, na marinda ni vikunjo vingi. (Najua mtaa umelichafua hili neno. Wenye akili chafu mtulie, leo tunalirudishia heshima yake.) Nimelitaja kwa sababu Kiswahili hapa kimebeba siri nzima ya nguo za Ulaya za karne ya 18 ndani ya neno moja. Rinda la wakati huo lilikuwa marinda kweli kweli. Hakukuwa na karatasi ya kukatia. Mteja alisimama, kitambaa kikawekwa juu ya mwili wake, kikakunjwa, kikabanwa na pini, kikashonwa kikifuata umbo lake. Na usidhani walifanya hivyo kwa sababu hawakujua njia bora. Nyuma ya hiyo mbinu kuna vita vya pesa, vya sheria, na vya nani ana haki ya kushika mkasi.

Kwanza tuondoe Bridgerton kichwani. Ile stori inaanza 1813, marinda yake yamefungwa juu kabisa chini ya kifua. Hayo ni mambo ya kizazi kingine. Ninayoyaongelea hapa ni yale ya kati ya 1670 na 1790 hivi, yale ya kiuno kilichochongoka na sketi inayojaa mlango. Kuyachanganya ni kama kuchukua picha ya shosho yako akiwa msichana na kudai ni mamako.

Sasa twende Paris, miaka ya 1660. Sheria ilikuwa hivi: mwanamke mwenye uwezo akitaka gauni, anashonewa na mwanaume. Chama cha mafundi wanaume ndicho kilikuwa na haki ya kukata na kushona nguo za nje, za kiume na za kike. Wanawake waliruhusiwa mambo ya kitani, yaani mashati, shuka, nguo za ndani. Lakini wapi! Wanawake walishona magauni vyumbani mwao hata hivyo, na wateja walikuwepo. Basi wakubwa wa chama cha mafundi wakawa wanawavamia, wanachukua kitambaa, wanawatoza faini. Kama umewahi kuona kanjo wakimvamia mama wa mboga na kubeba kila kitu, unajua hiyo hali ilivyo. Karne zinabadilika, lori la kubebea mali linabaki.

Mwaka 1675 mfalme Louis XIV akawapa wanawake hao chama chao rasmi. Chama kamili, kinachoongozwa na wanawake wenyewe, chenye haki ya kufundisha wasichana kazi na kulinda mipaka yake. Sababu iliyoandikwa ilikuwa ya adabu: ati inafaa kwa heshima ya wanawake wavishwe na wanawake wenzao. Poa. Lakini angalia pia tarehe. Miaka miwili kabla, 1673, serikali ilikuwa imetoa amri kwamba kazi zote za mikono ziingie kwenye vyama, na kila chama kililipa ada. Ufaransa ilikuwa vitani na Uholanzi na hazina ilikuwa na njaa. Kwa maoni yangu adabu ilifungua mlango, lakini pesa ndiyo iliyobisha hodi.

Na mfalme hakuwapa kila kitu. Wanaume waliendelea kushona nguo za wanaume, hiyo ilieleweka. Lakini pia waliachiwa gauni gumu la ikulu, lile ambalo sehemu yake ya juu imejazwa vibanzi vya nyangumi na kushonwa kama ngao, pamoja na ule mkia mrefu wa kuburuta. Waliachiwa pia stei, ile nguo ya kubana kiwiliwili ambayo watu wa siku hizi huiita koseti. (Vile vibanzi si mifupa, by the way hata kama watu wanasema mifupa. Ni vile vitu kama brashi vilivyo kinywani mwa nyangumi, anavyochujia chakula.) Kushona stei kulihitaji kukata vipande vingi vya umbo la ajabu na kusukuma sindano kwenye tabaka ngumu za kitambaa. Wanaume wakasema hiyo ni yetu.

Hapa ndipo historia inapogeuka. Wakati ule ule wa miaka ya 1670, gauni jipya lilikuwa limeanza kupendwa: mantua. Lilianza kama nguo ya kujiachilia nyumbani, kitambaa kinachoanguka kutoka mabegani bila kukatwa sana, kikavutwa kiunoni kwa mkanda. Kabla yake, ugumu ulikuwa ndani ya gauni lenyewe. Mantua ililala tu juu ya stei. Yaani kazi iligawanyika mara mbili: umbo likabaki kwenye stei, urembo ukahamia kwenye kitambaa cha juu. Fundi mwanaume akabaki na kile kitu cha chini kisichoonekana. Mwanamke akachukua kile ambacho kila mtu anakiangalia, na ambacho hubadilika kila msimu. Nani alipata dili nzuri hapo? Chama cha wanawake kikakua kikawa miongoni mwa vyama vikubwa vya mafundi Paris. Na Uingereza, fundi wa kike wa magauni akaendelea kuitwa mtengeneza mantua karne nzima, hata wakati mantua yenyewe ilikuwa imebaki ya sherehe za ikulu tu.

Fundi mwanaume alijivunia kukata: anachukua vipimo kwa ukanda wa karatasi wenye alama za mkasi (futi ya fundi yenye namba ilikuwa bado kuja), anakata vipande vyenye umbo, anaunganisha. Mantua haikuhitaji ujuzi huo. Ilihitaji mwingine: kujua kitambaa kitaangukaje, na kukifanya kitii mwili bila kukikata. Walichofanya hawa wanawake ni kujenga fani nzima juu ya ile kazi ambayo wanaume waliona si kazi.

Sasa niwaelezee inavyofanyika, kwa sababu hapa ndipo penye utamu. Nachukua rinda la Kiingereza la miaka ya 1770, lile lenye mgongo uliobana. Kuna pia lile la Kifaransa, lenye marinda mapana mgongoni yanayoanguka huru kutoka shingoni hadi chini kama maji. Ukiona watu wanayaita marinda ya Watteau, jua ni jina la baadaye. Antoine Watteau mchoraji alikufa 1721 na watu wakamkumbuka kwa wanawake aliowachora wakiwa wamegeuza mgongo.

Mteja anasimama akiwa amevaa kila kitu cha chini: shimizi ya kitani, stei, mito ya kiuno au fremu ya kupanua nyonga, na petikoti. Hili halina mjadala. Ukipima rinda juu ya mwili mtupu halafu uvae stei, rinda halitakutosha, kwa sababu stei inainua kifua na kunyoosha mgongo. Wengi wanaojaribu mambo haya leo wanaanzia juu kwa sababu juu ndiko kunakopigwa picha. Halafu wanashangaa kwa nini wanafanana na pazia.

Kitu cha kwanza kinachowekwa mwilini ni bitana, kitambaa cha kitani cha bei ya chini. Mshonaji anakilaza mgongoni, anakilainisha kwa kiganja kuelekea ubavuni, anapiga pini. Anafanya hivyo mbele. Panapojikunja, anabana kwa vidole mpaka mkunjo uishe, anapiga pini tena. Anakata kinachozidi. Hiyo bitana ndiyo inakuwa ramani ya mwili wa huyu mtu mmoja, bega lake moja lililo chini kuliko lingine likiwemo. Makosa yanafanyika kwenye kitani cha bei nafuu, si kwenye hariri.

Halafu hariri. Na hapa lazima ujue kwamba hariri ya wakati huo ilikuwa nyembamba, karibu nusu yadi tu kwa upana, kwa sababu ilifumwa kwa mkono kwenye mashine za mbao Lyon au Spitalfields, London. Vipande viwili virefu vinaunganishwa katikati ya mgongo. Mshonaji anaanza kukunja marinda pale shingoni, anayashusha yakizidi kuwa membamba kuelekea kiunoni, anayashona juu ya bitana kwa mishono midogo iliyoachana kidogo. Akifika kiunoni, anayaachilia. Kitambaa kinafunguka na kuwa sketi. Hebu tafakari hapo: kutoka shingo mpaka sakafuni, katikati ya mgongo, ni kitambaa kimoja ambacho hakijakatwa. Kiuno chote chembamba unachokiona kimetengenezwa kwa kukunja.

Mikono ya rinda ndiyo inatenganisha mwanafunzi na bingwa. Sehemu ya chini ya kwapa inashonwa kwanza, halafu mteja anavalishwa tena. Mshonaji anapandisha kichwa cha mkono juu ya bega, anakipanga kwa vikunjo vidogo mpaka kitulie, anakishonea kwenye bitana. Kingo zikibaki zinaonekana vibaya, hakuna noma: kipande cha hariri kinapita juu ya bega na kufunika kila kitu. Mishono mingi inafanyika kutoka upande wa nje, kipande juu ya kipande, ndiyo maana mtu anaweza kushonewa hapo hapo akiwa amesimama.

Sketi nayo wanaifanya kinyume na tunavyofanya sisi. Leo fundi anashona kiuno, halafu anasawazisha pindo la chini. Wao walinyoosha pindo la chini kwanza, ili maua ya kitambaa yasikatike, halafu tofauti yote ya urefu, labda kwa sababu nyonga zimepanuliwa, wanaikunjia kiunoni ambako haionekani. Na mbele rinda linafungwa kwa nini? Pini. Pini za kawaida zilizonyooka, zinazopita kwenye rinda mpaka kwenye stei. Mteja haumii, stei inamlinda.

Pini hizo zilitumika kwa wingi wa ajabu. Adam Smith, yule baba wa uchumi mnayemkariri shuleni, alipotaka kueleza jinsi kugawana kazi kunavyoongeza uzalishaji katika kitabu chake cha 1776, mfano wake wa kwanza ulikuwa kiwanda cha pini: hatua 18 za kutengeneza pini moja, na wafanyakazi 10 wakitoa pini zaidi ya 48,000 kwa siku. Mwalimu hakutuambia hizo pini zilikuwa zinaenda wapi. Nyingi zilienda vifuani mwa wanawake.

Ukitazama ndani ya magauni yaliyobaki kwenye makumbusho, utashtuka. Nje ni urembo mtupu, ndani uzi unaruka, mishono mingine mikubwa kama ya mtoto wa darasa la tatu. Watu wa siku hizi wanasema walikuwa wazembe. Sikubaliani kabisa. Mshono uliwekwa wa nguvu pale penye mvuto na wa haraka pale pasipo na mvuto. Kule Williamsburg, Virginia, kuna duka la kihistoria la Margaret Hunter ambako wanawake wanafanya kazi hii kwa mbinu za zamani, na wameonyesha kwamba wakishirikiana wachache wanaweza kumaliza rinda zima kwa siku moja. Kwa mkono. Bila cherehani. Sasa mzembe ni nani?

Lakini sababu kubwa ya mishono hiyo ni pesa. Kitambaa ndicho kilikuwa mali. Ujira wa kushona ulikuwa kitu kidogo sana ukilinganisha na bei ya hariri yenyewe. Kuna albamu ya ajabu kwenye makumbusho ya V&A, London, ya mwanamke Mwingereza anayeitwa Barbara Johnson. Kuanzia 1746 akiwa msichana mdogo hadi 1823 alibandika vipande vya vitambaa vya nguo zake na kuandika kando ni nguo gani, yadi ngapi, yadi moja ilikuwa bei gani. Kitambaa kwanza, kitambaa mwisho.

Ukishaelewa hilo, kila kitu kinaingia mahali pake. Ukikata hariri kwa umbo la mwili, umeiua. Haiwezi tena kuwa kitu kingine. Ukiikunja, baada ya miaka 10 unafumua mshono, unaipiga pasi, una yadi zako karibu zote. Unashona mtindo mpya. Binti anarithi. Ndiyo maana magauni mengi kwenye makumbusho yana mistari ya marinda ya zamani iliyobaki kama makovu, na matundu ya sindano yasiyolingana na mshono wa sasa. Hariri ya miaka ya 1740 inakutwa kwenye rinda la miaka ya 1770. Sisi wa mitumba tusijidai ati tumegundua kuvaa nguo ya mtu mwingine.

Karatasi tunazozijua zilikuja baadaye sana. Ebenezer Butterick, Mmarekani, ndiye aliyeanza kuuza karatasi za kukatia zenye saizi tofauti tofauti, 1863. Wanaotaka kushona rinda la karne ya 18 leo huenda moja kwa moja kwenye michoro ya Janet Arnold, yule Mwingereza aliyepima magauni ya makumbusho kipande kwa kipande na kuchapisha vitabu kuanzia 1964. Kazi yake ni ya heshima kubwa. Lakini mchoro wa gauni lililopimwa ni picha ya mwili wa mwanamke mmoja aliyekufa zamani. Ukiukuza na kuupunguza uje ukutoshe wewe, unapigana na maiti. Ndiyo maana vikundi vya watu wanaopenda mambo haya vimerudi kwenye kukunja juu ya mwili, na kusoma upya watu kama Garsault, Mfaransa aliyechapisha mwaka 1769 kitabu cha sanaa ya ushonaji chenye sehemu ya mshonaji wa kike.

Sasa niwe mkweli kuhusu kitu kinachonikera kwenye hii dunia ya marinda ya kihistoria. Watu wanapenda hariri, hawapendi kuuliza mzigo wake. Chukua 1776, ule mwaka wa Adam Smith. Paris, baada ya serikali kuvunja vyama vya mafundi na kuvirudisha miezi michache baadaye, wauza urembo wa mitindo walipata chama chao, na kiongozi wake wa kwanza alikuwa Rose Bertin, aliyemvisha malkia Marie Antoinette. Kila kitabu cha mitindo kina hiyo stori. Mwaka huo huo, kwenye pwani yetu, Mfaransa mmoja anayeitwa Morice alitia saini mkataba na sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa tunavyoviita leo Mauritius na Réunion. Sisemi kila rinda la Paris lilinunuliwa kwa pesa ya Kilwa. Nasema ni ufalme mmoja, mwaka mmoja, na vitabu viwili ambavyo havijawahi kuwekwa kwenye rafu moja.

Pamba nayo vilevile. Vitambaa vya Gujarat vilivyofika Mombasa, Pate na Kilwa kwa majahazi vilitoka pande zile zile za India zilizowatia wazimu wanawake wa Ulaya kwa maua yake yasiyochuja. Ufaransa ikavipiga marufuku kutoka 1686 hadi 1759. London, mwaka 1719, wafumaji wenye hasira waliwavamia wanawake barabarani na kuwararulia magauni ya pamba ya India mwilini. Na vitambaa hivyo hivyo vya India, kule Afrika Magharibi, vilikuwa bidhaa kuu ya kununulia watu.

Na watu hao wengine walifundishwa kushona. Mount Vernon, shamba la George Washington huko Virginia, kulikuwa na mtumwa mshonaji aliyeitwa Betty. Binti yake, Ona Judge, alichukuliwa akiwa mtoto kumhudumia Martha Washington, akakua akijua sindano vizuri kiasi kwamba Washington mwenyewe, kwenye barua, alimsifu kwa kazi hiyo. Alimvisha Martha na kutunza nguo zake, kwanza New York, halafu Philadelphia, mumewe Martha akiwa rais. Kisha akasikia kwamba atatolewa kama zawadi ya harusi kwa mjukuu wa Martha.

Jioni ya tarehe 21 Mei 1796, familia ikiwa mezani inakula, Ona akatoka mlangoni. Tangazo la kumtafuta likasema ana nguo nyingi nzuri za aina zote, lakini mwandishi hazikumbuki vya kutosha kuzieleza. Miaka karibu 50 baadaye, akiwa mzee New Hampshire, bado kisheria mali ya watu wengine, Ona aliwaambia waandishi wa magazeti jinsi ilivyokuwa: wale walipokuwa wanafunga mizigo kurudi Virginia, yeye pia alikuwa anafunga yake. Nguo zake zilikuwa zimeshatangulia, zimefichwa nyumbani kwa marafiki zake weusi mjini.